Spoki ya Nne

Nuru yangu haikuzimika kama taa.
Ilifunguliwa kama gurudumu, kwa spana, bila haraka:
kwanza tairi, nikawa nagonga mabega ya watu sokoni Kiusa
na kudhani wao ndio wenye kiburi;
kisha rimu, kisha spoki mojamoja,
hadi ikabaki ekseli tu, tundu la ufunguo
ambamo niliuona uso wa Ndeshukurwa vipandevipande,
leo nyusi, kesho pengo la jino.
Halafu na tundu hilo likaziba.

Presha ya macho, daktari alisema.
Mimi presha naijua ya tairi, nikamwambia, hiyo hupunguzwa kwa kidole.
Alicheka kidogo. Mimi sikucheka hadi mwaka wa pili.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa kiti.
Watu walikuja wakaketi juu yangu na pole zao.
Pole, Baba Haikaeli. Pole sana. Mungu yupo.
Walisema kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio nayo yamekwenda,
wakamuuliza mke wangu, mimi nikiwepo:
"Chai yake anaweka sukari?"
Ndeshukurwa akauza ndizi, akauza koti langu la harusi.
Spana hakuuza. Nilizisikia usiku zikigongana ukutani
kila lori lilipopita kuelekea Pasua.

Ni Haikaeli aliyeniudhi hadi nikaamka.
Umri wake kumi na mbili, mdomo wake arobaini.
Aliileta baiskeli ndani, akaipindua miguu juu kando ya kitanda,
akazungusha gurudumu la nyuma.
Tik. Tik. Tik.
"Acha."
Tik. Tik.
"Mtoto, acha, nimelala."
Tik.
"Kushoto," nikafoka, "spoki ya nne toka kwenye valvu, imelegea,
nani kakuruhusu kupanda kitu kama hicho!"
Kimya.
Kisha spana ya spoki, baridi, kiganjani mwangu.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaotazama.
Spoki iliyokazwa, ukiidonoa kwa ukucha, hujibu juujuu;
iliyolegea hunung'unika.
Rimu iliyopinda huugusa ukucha wangu mahali pamoja tu, kila mzunguko,
kama mdaiwa anayepita mlangoni akidhani hujamsikia.
Pancha siitafuti tena kwa beseni la maji.
Natembeza tyubu kando ya mdomo,
na ule upepo mwembamba hunibusu penye tundu.
Miaka ishirini na moja niliyaamini macho.
Yalikuwa yakiniambia "inatosha" mapema mno.

Sitawadanganya. Fimbo nyeupe ilivunjika mferejini wiki ya kwanza
(nyingine nimeikata toka bomba la fremu, ni nzito, mbwa wanaiheshimu).
Aliyenipa elfu moja akaiita elfu tano hajarudi,
na baiskeli yake naijua sauti.
Na Oktoba, jakaranda zikimwaga maua,
nayakanyaga, laini, yanateleza, naikumbuka ile rangi
nami sina cha kufanya nayo.
Nasimama hapo. Halafu naenda kazini.

Leo alfajiri Haikaeli, amenipita urefu sasa,
kasimama mlangoni pa kibanda:
"Baba, mlima umefunguka."
"Ukoje?"
Akasita. "Mweupe... hapana, si sana.
Kama mtu aliyevua kofia, kabakiwa na mvi za pembeni."

Wenye macho nao huuona siku chache;
siku nyingine zote wanauamini tu, kama mimi.
Nilitaka kumwambia hilo.
Lakini toka juu, njia ya Kibosho, inashuka baiskeli ya maziwa ya mzee Ndosi,
madumu yakigombana, breki zikilia,
na nyuma, upande wa kulia,
tik.

"Nipe spana," nikasema. "Na mkimbilie umsimamishe,
huyu haoni anakoelekea."